Picha ya ndege ya makumbusho na usiku ule wa Alunguli

(Maneno yaliyosemwa na afisa wa uwanjani wa shirika letu mbele ya familia zilizohama makwao na viongozi wa mitaa, mjini Kindu, jimbo la Maniema)

  Tunajua wengi wenu mmevuka Lualaba asubuhi kwa mtumbwi na mmelipa nauli wenyewe. Nauli hiyo itarudishwa. Orodha iko kwa mama anayeshika hesabu, pale karibu na mlango, na tafadhali kila mtu aandikwe mara moja tu.

Mliambiwa kwamba leo tutazungumza juu ya picha za ndege ya zamani ya kijeshi iliyowekwa katika makumbusho. Tumesikia wengine wakicheka. Wamesema: watu wanalala chini ya turubai lililotoboka, na shirika linatuletea picha za ndege. Wana haki ya kucheka. Lakini kila mmoja wenu anajua kilichotokea Alunguli mwishoni mwa mwezi wa pili mwaka 2025, na kila mmoja ana habari yake juu ya usiku ule. Sisi tumekuja kusema yetu. Sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yetu, na hadi leo hatujaisema mbele ya watu wote.

Tuanze na ndege yenyewe.

Mwaka 2018 ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mikelenge anayeishi Brussels, aliingia katika makumbusho ya kifalme ya jeshi ya huko, katika bustani wanayoiita Cinquantenaire. Ni jengo kubwa sana la chuma na vioo, lililojengwa karne ya 19 kwa ajili ya maonyesho, na ndani yake wameweka ndege nyingi za vita, nyingine zimesimama chini, nyingine zimening'inizwa juu kwa kamba za chuma. Tulikuwa tumemwomba atutafutie ndege ya aina moja tu, inayoitwa C-119. Aliipata, akaipiga picha kumi na mbili, akatutumia.

Kwa nini hiyo? C-119 ni ndege ya mizigo iliyotengenezwa Marekani na kampuni ya Fairchild. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1947, na zilitengenezwa zaidi ya 1,100. Mabawa yake kutoka ncha hadi ncha ni mita 33 hivi, na ina injini mbili za panga. Wamarekani waliipa jina la utani ambalo watu wa Kindu wataelewa upesi kuliko watu wa miji mingine: waliiita wagoni ya mizigo inayoruka. Na kweli tumbo lake ni kama wagoni zile zilizosimama pale kwenye stesheni yetu, kisanduku kirefu, na nyuma kuna milango miwili mikubwa inayofunguka ili kupitisha magari, magunia au askari wa miavuli. Kinachoitofautisha na ndege nyingine ni mkia. Haina mkia mmoja. Kutoka kila injini unatoka mti mrefu kwenda nyuma, miti miwili sambamba, na huko mwisho imeunganishwa na ubao mmoja. Mtoto akiiona mara moja hawezi kuisahau. Ilifanya kazi nyingi duniani: moja ya ndege hizo iko katika makumbusho ya jeshi la anga la Marekani kule Dayton, Ohio, na inajulikana kwa sababu mwezi wa nane mwaka 1960 ilinasa hewani, juu ya bahari ya Pasifiki, kifaa kilichokuwa kikishuka na mwavuli kutoka anga za juu. Lakini sisi tuliitafuta kwa sababu ya Kindu.

Wazee wengi hapa wanajua. Vijana wengi hawajui, na ninyi mliotoka mbali pengine hamjawahi kusikia. Tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za C-119 zilitua hapa Kindu. Zilikuwa za kikosi cha 46 cha jeshi la anga la Italia, chenye makao yake katika mji wa Pisa, na zilikuwa zikifanya kazi ya ONU. Zilitoka Kamina, zikileta vitu kwa askari wa ONU waliokuwa hapa, ambao walitoka Malaya. Ndani yake walikuwa Waitaliano 13. Hawakuwa na silaha. Walishusha mizigo, wakaenda kula chakula cha mchana na Wamalaya katika nyumba ya maofisa, nje ya uwanja.

Mkumbuke mwaka huo ulikuwa wa namna gani. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari. Katanga ilikuwa imejitenga, na Tshombe alikuwa na ndege na mamluki wazungu. Kindu ilikuwa upande wa Stanleyville, upande wa Gizenga. Watu wa hapa walikuwa na sababu ya kuogopa kitu kinachotoka angani upande wa kusini. Na Kamina iko kusini, katika Katanga, na kambi ile kabla ya ONU ilikuwa ya Wabelgiji. Tena jeshi la anga la Ubelgiji nalo lilikuwa na C-119, tangu mwaka 1952. Ile ya Brussels katika picha zetu ni moja ya hizo za Wabelgiji, ubavuni ina herufi CP na namba. Mtu aliyesimama chini anaona umbo, anaona mikia miwili, anaona wazungu wakishuka. Alama ya ONU ataiona baadaye, kama atapata nafasi ya kuiona.

Neno likapita mjini kwamba Wabelgiji wa Tshombe wametua. Askari wa jeshi la Kongo waliokuwa hapa wakavamia nyumba ile, wakawapiga Waitaliano, na wote 13 waliuawa. Hatutaeleza zaidi, kwa sababu hapa kuna watoto, na kwa sababu wengi wenu mmeona mambo ya namna hiyo kwa macho yenu na hamhitaji kuelezwa.

Lakini jambo moja zaidi tulieleze. Baada ya mauaji yale, kule Ulaya nako uvumi ulikimbia. Iliandikwa kwamba miili ilikatwakatwa na kutupwa Lualaba. Mwanzoni mwa mwaka 1962 mabaki yao yalipatikana yamezikwa Tokolote, na mwezi wa tatu yakapelekwa Pisa, ambako walijengewa kanisa la kumbukumbu karibu na uwanja wa ndege. Uwanja wa Fiumicino, Roma, nao una mnara wao. Katika miji mingi ya Italia kuna barabara zenye jina la Kindu. Mtu wa kwetu akitembea huko anaweza kuona jina la mji wake ukutani, akafurahi, kisha akauliza maana yake.

Sasa turudi kwenye kosa letu.

Mwezi wa kwanza mwaka 2025 tulifanya semina ya vijana, nusu wenyeji na nusu waliohama. Tulitaka wazungumze juu ya uvumi, na tuliona ni afadhali kuanza na jambo la zamani, lisilomgusa mtu aliye chumbani. Tukawaonyesha picha za Brussels kwenye ukuta. Semina ilikwenda vizuri, tunaweza kusema vizuri sana. Mwishoni vijana wakaomba picha. Nasi, kwa haraka ya kufunga na kurudisha viti vya watu, tukawatumia moja tu kwa simu. Tulichagua ile iliyopendeza: ndege kutoka mbele, pua na injini mbili, karibu sana, imejaa kioo chote. Hatukuandika neno lolote juu yake, wala mahali, wala mwaka, wala kwamba ni ndege ya makumbusho. Tuliona kila mtu anajua, maana kila aliyekuwa chumbani alijua.

Mwisho wa mwezi huohuo Goma ilianguka. Mwezi wa pili Bukavu ikafuata. Hamna haja ya kuambiwa siku zile zilikuwaje. Kila jioni familia mpya zilifika Alunguli kwa miguu, kwa baiskeli, kwa pikipiki. Watu hawakulala. Na usiku mmoja, yapata saa tatu, picha yetu ilirudi kwetu. Ilikuja kupitia kikundi cha WhatsApp ambacho hata hatukuwa tunakijua, na chini yake kulikuwa na sauti ya mwanamume aliyesema kwa utulivu kabisa: hii ndege imetua Kalima leo jioni, imeshusha askari wageni, asubuhi wako Alunguli, mwenye watoto avuke sasa.

Tuliitambua mara moja. Ilikuwa na alama ileile ya kidole kwenye kona, kidole cha ndugu yetu wa Brussels kilichoziba kioo kidogo.

Mnajua kilichofuata. Alunguli haina daraja la kuvukia. Kuna mitumbwi, na usiku mitumbwi ni michache, na wenye mitumbwi nao wana watoto. Watu walishuka mtoni na magodoro kichwani. Bei ya kuvuka ilipanda mara nne ndani ya saa moja. Hilo tulilishuhudia, na wenye mitumbwi waliopo hapa wasikasirike, nao waliogopa. Mtumbwi mmoja uliojaa kupita kiasi ulipinduka karibu na ukingo wa huku. Tunamshukuru Mungu, maji hapo yalikuwa ya kifuani, watu wote walitolewa. Lakini yalikwenda magunia matatu ya mchele, na ikaenda cherehani ya mama mmoja aliyeibeba kutoka Baraka, cherehani iliyokuwa ikilisha watoto watano.

Wakati huo, upande wa pili, vijana wa mtaa walikuwa wanatafuta nani ameleta picha. Walimpata kijana wa miaka 19, amehama kutoka upande wa Fizi, alikuwa katika semina yetu. Picha ilikuwa kwenye simu yake tangu mwezi wa kwanza. Kwao hiyo ilikuwa ushahidi: ndege imetua leo, na huyu alikuwa na picha yake tangu mwezi uliopita! Basi anajua mipango yao. Ni mpelelezi. Simu wakaiponda kwa jiwe. Walikuwa tayari wamemvua shati na mtu amekwenda kutafuta petroli. Shefu wa mtaa, ambaye yuko hapa na hataki tumtaje, alifika na fimbo yake na mke wake, akamshika kijana mkono, akamwingiza chumbani kwake, akakaa mlangoni kwenye kiti mpaka kukapambazuka. Alituambia baadaye kwamba hakuwa na hakika kama kijana ni mpelelezi au la. Alisema tu kwamba mtu hahukumiwi usiku.

Sisi tulifika saa kumi na moja alfajiri. Hapakuwa na mtumbwi wa kwenda. Yote ilikuwa inakuja. Tulifika na kompyuta yenye betri ya dakika arobaini na picha zote kumi na mbili.

Tuwaeleze jinsi tulivyozionyesha, maana hapo ndipo tulipojifunza. Kupiga picha ndege ndani ya makumbusho ni kazi ngumu kuliko inavyofikiriwa. Ndege ni kubwa, jumba limejaa, na huwezi kurudi nyuma vya kutosha kuiingiza yote. Mabawa ya mita 33 hayaingii kwenye simu. Kwa hiyo kila mpigaji hushawishika kupiga pua tu, au panga tu, kwa karibu, na kukata vitu vingine vyote: ngazi, watu, kamba, ndege ya jirani. Picha inakuwa safi. Inakuwa kama ndege iko porini, au iko Kalima. Ndugu yetu alikuwa na bahati, au alikuwa na akili, kwamba hakuishia hapo. Alianza kwa kupiga kibao chenye maelezo. Kisha akapanda orofani, akaegemeza simu kwenye chuma cha ngazi ili isitikisike, akapiga jumba zima. Mwanga wa vioo vya paa ulimfanya ndege iwe nyeusi, akazunguka upande wa pili ili mwanga uwe mgongoni mwake. Akapiga mikia miwili. Akapiga herufi za ubavuni. Akapiga tairi, na mbele ya tairi kuna kamba ya kuzuia watu, na mtoto mmoja wa Kizungu amekaa chini anakula biskuti.

Basi pale Alunguli tuliweka kompyuta juu ya ndoo na kuanza na ile picha ya uvumi. Tukauliza: mnaona nini hapa juu, kwenye kona ya kulia? Kimya. Kisha mama mmoja muuza maharagwe akasema, ni mabati. Mwingine akasema si mabati, ni vioo, ni kama paa la kanisa. Tukauliza, Kalima kuna kanisa la kuingiza ndege? Watu wakacheka kidogo, cheko la kwanza tangu jana yake. Tukauliza, na hapa chini, karibu na tairi, hiki cheusi kilichokatwa ni nini? Hapo tukafungua picha ya pili, ya tairi, na wakaiona ile kamba na yule mtoto na biskuti yake. Hatukuhitaji kueleza sana baada ya hapo. Mtoto yule alifanya kazi kuliko sisi.

Tulipofungua picha ya mikia miwili, mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma kabisa akasimama. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja mwaka 1961, akiishi karibu na stesheni. Akasema, hii ndiyo ile. Alisema alikuwa ameiona ikizunguka mji kabla ya kutua, na jioni baba yake alifunga mlango na kuwaambia watoto wasitamke neno juu ya ndege mpaka watakapokuwa wakubwa. Akasema, hata nilipokuwa mkubwa sikutamka. Kisha akamtazama yule kijana wa Fizi, aliyekuwa ameketi pembeni na shati la kuazima, akasema: na wale walisemewa hivihivi.

Hatukumpanga mzee aseme hivyo. Kusema kweli, tulikuwa tumesahau kabisa habari ya 1961. Tulikuwa tunashughulika na betri.

Tumeulizwa mara nyingi: je, kumbe picha ni mbaya? Tusipige tena? Wengine kati ya viongozi walitaka kukataza simu katika makambi ya waliohama. Tuliwasihi wasifanye hivyo. Mama aliyepoteza mtoto njiani anamtafuta kwa picha ya simu. Mtu aliyeacha nyumba Kabambare ana picha ya parseli yake, na siku moja itamsaidia. Hatari iko kwenye picha isiyo na jina. Ukipiga, andika mahali na siku. Ukipokea isiyo na mahali wala siku, uliza kwanza aliyekutumia aliipata kwa nani, na usipopata jibu iache ifie kwenye simu yako. Tazama pembeni mwa picha kabla ya kutazama katikati: paa, ardhi, mimea, maandishi, nguo za watu. Picha iliyokatwa karibu sana itiliwe shaka zaidi kuliko ile iliyo pana.

Na kuna jambo la sheria, tuliseme bila kuficha. Brussels mtu huingia makumbusho akapiga picha ndege ya vita mchana kweupe, mlinzi anamtazama tu asivuke kamba, kwa sababu ndege ile imemaliza vita vyake. Hapa kwetu ni tofauti. Uwanja wa ndege, kambi, askari na ndege zao havipigwi picha bila ruhusa, na katika siku hizi atakayekamatwa anapiga anaweza kupotea kabla ya kueleza. Vijana mliohama, ninyi zaidi. Lafudhi yako peke yake inatosha kukutia mashakani, usiongeze simu. Tunajua si haki. Tunaizungumzia na wakubwa wa usalama, na wengine wao wanatusikiliza, lakini hatuwezi kuwaahidi kitu leo.

Viongozi nao tuna neno kwao. Tarehe 10 Oktoba 1998, wakati waasi walipokuwa wanaukaribia mji, Boeing 727 ya shirika la Congo Airlines ilitunguliwa kwa kombora karibu na Kindu. Walikufa watu 41. Waliotungua walisema ilibeba askari. Shirika lilisema ilibeba raia, wanawake na watoto waliokuwa wakiondolewa. Kuna watu katika ukumbi huu wenye jamaa katika ndege ile, na kuna watu hapa ambao ndugu zao walikuwa upande wa waliotungua. Tangu wakati huo ndege ikipita chini kidogo, nusu ya mji inatazama juu kwa namna moja na nusu kwa namna nyingine. Miaka ya MONUC, ndege nyeupe ziliposhuka hapa kila siku, tuliziona za kawaida; sasa mlio wowote usiojulikana unawatoa watu nje. Kwa hiyo kiongozi akipigiwa simu usiku juu ya ndege, asiseme tu "ni uongo, laleni". Hakuna anayelala kwa neno hilo. Awe na watu wawili wa kuwapigia, mmoja upande wa Kalima na mmoja karibu na uwanja, watu wanaoweza kutazama na kujibu. Usiku ule wa Alunguli, simu moja kwa mtu yeyote wa Kalima ingetosha. Tuliuliza baadaye: shefu wawili walikuwa na namba za Kalima. Mmoja hakuwa na mayuniti. Mwingine alikuwa tayari yuko kwenye mtumbwi.

Kuhusu madeni. Cherehani ya mama wa Baraka tumeinunua sisi wenyewe, kutoka mishahara yetu, kwa sababu katika bajeti ya mfadhili hakuna mstari wa makosa ya shirika. Mchele wa magunia matatu, mawili yamelipwa na kamati ya mtaa, la tatu bado lina ubishi, wenyewe wawili kila mmoja anasema lilikuwa lake. Simu ya kijana ililipwa na waliomvunjia: walifyatua matofali, wakauza, ikachukua miezi minne. Kijana alitaka wasilipe, akisema akiichukua watamchukia. Shefu akamwambia, wasipolipa ndipo watakapokuchukia. Akaipokea.

Sasa kazi ya leo. Picha zote kumi na mbili tumezichapisha kwa ukubwa mzuri, ziko ukutani nyuma yenu. Tunataka zikae katika nyumba ya vijana ya Alunguli, na kila moja iwe na maandishi chini yake kwa Kiswahili, ili isitoke tena bila jina. Kumi na moja hazina tatizo. Ile ya mikia miwili ndiyo imetugawa. Baadhi ya wazee wamesema tusiandike habari ya Waitaliano 13, kwa sababu mji umeaibika vya kutosha, na kwa sababu aliyeua ni askari, siyo watu wa Kindu. Wengine wamesema tusipoandika, mtoto ataijua siku moja kutoka kwenye ukuta wa barabara ya Italia, na huko hataambiwa juu ya Lumumba, wala mamluki, wala hofu iliyokuwa hapa. Jamaa waliohama wamesema neno ambalo hatukulitegemea: wameomba iandikwe pia kwamba mwaka 2025 picha hii karibu imuue mtu wa Fizi.

Sisi tuna maoni yetu. Tunaona iandikwe yote: tarehe, idadi, jina la ONU, kwamba hawakuwa na silaha, kwamba walidhaniwa kuwa wengine, na kwamba walizikwa Tokolote na hawakutupwa mtoni. Lakini ukuta ni wenu. Tumeandika maandishi ya namna tatu, marefu, mafupi na mafupi sana, na yamebandikwa kando ya picha. Wasiojua kusoma watasomewa na kijana aliyesimama pale mwenye shati la bluu; mnamjua. Chakula ni wali na sombe, kiko tayari. Mzee atasema aliyoyaona baada ya kula, kisha tutahesabu mikono. Mtumbwi wa kurudi Alunguli unaondoka saa kumi na moja, na mwenye mtumbwi amesema hatangoja.